Mteja wangu anasahau, na sasa anataka kutoa akiba yake yote

"Nafanya kazi ya ushauri wa uwekezaji hapa Mombasa, mwaka wa nne sasa. Nina mteja wa miaka 74, mstaafu wa bandarini, mjane, anakaa Kibokoni. Ana kama milioni 2.6 kwenye mfuko wa soko la fedha na milioni 1.2 kwenye bondi za serikali. Tangu Idi ipite amekuwa akinipigia hata mara tatu kwa siku kuuliza salio lile lile. Wiki jana alikuja ofisini na kijana anayemwita 'mwanangu', ambaye sijapata kumwona, akataka kutoa zote anunue shamba Kilifi. Kila nikimuuliza mzee swali, kijana ndiye aliyejibu. Nilibabaika, nikasema mtandao umekwama, warudi wiki ijayo. Mwanawe wa Bamburi, ambaye ndiye jina lililoandikwa kwenye fomu kama mrithi, naye akanipigia. Hataki nitoe kitu, anataka nimtumie taarifa za akaunti, na anasema ana hati ya uwakili ya babake. Bosi wangu anasema pesa ni za mzee, mpe zake. Binti wa mzee yuko Jeddah. Mimi si daktari wala si wakili. Nifanye nini?"

Dadangu, umeniuliza swali moja, lakini naona hofu mbili ndani yake zinazovutana. Ukimpa, huenda umemsaidia mtu kumpora mzee. Ukimnyima, umemfanya mtoto mdogo mtu aliyekuwa akipakua meli gatini kabla hujazaliwa. Hofu zote mbili ni za haki, na mshauri asiyezihisi zote mbili kwa pamoja ningemwogopa. Kwa hivyo nakujibu kwanza kwa mkato: usitoe pesa zote wiki hii, usimkatalie mzee, na usimkabidhi mwanawe usukani. Iliyobaki ni kukueleza kwa nini, na njia gani ipo kati ya hizo tatu.

Tuanze na akili yenyewe. Watu wengi katika kazi yetu hufikiri mtu ana akili timamu au hana, na kwamba siku moja daktari ataandika barua na jambo litakuwa limekwisha. Sivyo. Akili ya mtu anayeanza kupoteza kumbukumbu hupwa na hujaa kama maji ya Kilindini. Asubuhi amejaa tele, anakwambia bei ya gunia la mchele mwaka aliooa. Jioni amepwa, hajui kama amekula. Na haipwi yote kwa pamoja. Katika ugonjwa wa Alzheimer, sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya ndiyo huumia mapema, ndipo mtu anasahau ulichomwambia leo huku ya zamani yako pale pale. Palipoharibika mishipa midogo ya damu kichwani, jambo la kawaida kwa wenye presha na sukari ya miaka mingi, mara nyingi kinachopungua kwanza ni wepesi wa kupanga, kulinganisha na kujizuia.

Sasa angalia shughuli ya pesa. Kuhesabu chenji ni jambo moja, na hudumu muda mrefu. Kupima kama ofa ni ya kweli, kukumbuka uliahidi nini wiki iliyopita, kuona mwaka ujao utakula nini, kumshuku mtu anayecheka nawe, hayo ni mambo mengine, na yanataka sehemu nyingi za ubongo zifanye kazi pamoja. Ndiyo sababu uwezo wa kusimamia pesa huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuyumba, wakati mtu bado anajivika mwenyewe, anaenda msikitini mwenyewe, na kila mtu barazani anamwona mzima. Sisi tunaoshika hesabu zake tunaweza kuliona jambo hili kabla ya wanawe. Simu tatu za kuuliza salio moja ni dalili. Kulipa deni la duka mara mbili ni dalili. Mzee mwenye nyumba bila ardhi, yaani nyumba ni yake lakini kiwanja ni cha mtu mwengine, ambaye hajawahi kuchelewesha kodi ya kiwanja maisha yake, akianza kudaiwa miezi minne na hajui kwa nini, ni dalili kubwa.

Hapa nikuonye kuhusu kitu kinachotuponza sana sisi watu wa Pwani, nacho ni adabu. Salamu zetu ni ndefu na tumezizoea tangu utotoni. Sabalkheri, u hali gani, watu wa nyumbani hawajambo, na baba je, alhamdulillahi. Mtu anaweza kwenda nawe dakika tano nzima bila kukosea neno, akakutania, akakuombea dua, na asijue ni mwezi gani. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mteja, mama mmoja wa Majengo, mcheshi, mwenye maneno matamu. Alikuja na jamaa yake, tukaongea vizuri, akatia saini nzuri kabisa, nikamtolea pesa. Baada ya wiki tatu akaja peke yake kuuliza salio. Nilipomwambia, alinitazama akidhani nimemwibia. Hakukumbuka kuja, hakukumbuka jamaa wala saini. Sikuwa nimevunja kanuni yoyote ya ofisi. Lakini nilikuwa nimeongea naye saa nzima bila kumuuliza swali hata moja ambalo salamu haziwezi kulijibu. Kosa lile ni langu, na ndilo lililonifundisha haya ninayokwambia.

Lakini pia usikimbilie kuamua kwamba mzee wako ana dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili. Si kazi yako, na huenda si kweli. Kuna mambo mengi yanayomfanya mtu mzima achanganyikiwe na ambayo yanatibika: maambukizi ya njia ya mkojo, sukari iliyoshuka, tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu, dawa za usingizi, huzuni ya ujane, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka bafuni. Upungufu wa vitamini B12 nao huchafua kumbukumbu, na metformin, dawa ya sukari inayomezwa na wazee wengi mjini hapa, ikitumiwa miaka mingi inaweza kuishusha vitamini hiyo. Wakati mwengine ni masikio tu. Mtu asiyesikia vizuri hujibu visivyo, kisha anaanza kumwachia kijana aliye pembeni amjibie. Ndiyo maana neno la kwanza la kuiambia familia, ukipata ruhusa ya kusema nayo, ni kwamba mzee aonwe na daktari.

Kazi yako wewe ni ndogo zaidi na ngumu zaidi: je, kwa uamuzi huu, siku hii, anajua anachofanya? Sheria ya Uingereza ya 2005 kuhusu uwezo wa akili imeliweka jambo hili vizuri, na ingawa haitutawali, naona ni kipimo chema popote. Mtu huangaliwa kama anaielewa habari inayohusu uamuzi, anaishika kichwani muda wa kutosha kuamua, anaweza kuipima faida na hasara yake, na anaweza kueleza alichoamua kwa njia yoyote. Sheria ile pia huanza na dhana kwamba mtu mzima ana uwezo mpaka ionekane vyengine, na kwamba uamuzi wa kijinga peke yake si ushahidi wa akili iliyopungua.

Kwa mzee wako ningefanya hivi. Mwite saa nne asubuhi, ameshakunywa chai na kumeza dawa zake. Usimwite alasiri, saa ambayo wengi wenye tatizo hili huzidi kuchoka na kuchanganyikiwa, na kama ni Ramadhani, basi usimwite kabisa mchana wa funga. Awe na miwani yake. Zima feni kama inapiga kelele. Ongea naye kwa Kiswahili chake cha Mji wa Kale, maana fomu zetu ni za Kiingereza, na mtu kushindwa kuelewa fomu ya Kiingereza hakusemi chochote juu ya akili yake. Kisha mwambie kijana kwa heshima, "Utaratibu wetu ni kuzungumza na mteja peke yake kwanza, kaka, tafadhali tusubiri hapo nje." Akikataa kutoka, umeshajua jambo muhimu. Akitoka bila neno, pia umejua jambo.

Mkiwa wawili, usimuulize maswali ya ndiyo na siyo. Muulize, "Baba, nieleze kwa maneno yako, tunataka kufanya nini leo?" "Shamba liko wapi, ni la nani, umeliona?" "Bondi hizi zinakupa riba kila miezi sita. Tukiziuza leo kabla muda wake haujafika, bei itakuwa ya soko na riba hiyo itakatika. Ukishazitoa zote, mwezi ujao utatumia nini?" Halafu zungumza naye mambo mengine, bandari, wajukuu, na baada ya robo saa mrudishe pale pale umsikie. Mwisho mwambie, "Wiki ijayo nitakupigia nikuulize tena." Mtu anayejua anachotaka atakupa sababu ile ile, hata kwa maneno mengine. Mtu anayebebwa na mwenzake sababu yake hubadilika, au hana kabisa, au anamtafuta kijana kwa macho.

Na uwe tayari kwa jibu usilolitarajia. Huenda kijana yule ni mwanawe kweli kwa hesabu ya kwetu, maana mtoto wa nduguyo ni mwanao na unamwita hivyo. Huenda mzee amekasirishwa na mwanawe wa Bamburi na ameamua kumwinua yatima wa marehemu nduguye, na anaweza kukueleza yote hayo wazi, leo na wiki ijayo. Basi hapo hakuna cha kuzuia. Utamshauri asitoe zote, utamwonyesha hasara, na akisisitiza utamtekelezea. Mtu mzima ana haki ya kutumia mali yake kwa namna ambayo wewe usingeitumia, ya kuoa tena, ya kutoa sadaka kubwa, ya kumpenda mtu ambaye wanawe hawampendi. Katiba yetu, kifungu cha 57, inawahakikishia wazee waishi kwa heshima na bila kudhulumiwa. Heshima na kinga ya dhuluma zimewekwa pamoja humo, na hapo ndipo kazi yetu ilipo.

Nije kwa bosi wako. Asemapo pesa ni za mzee, asema kweli. Lakini agizo la mteja ni agizo pale linapotoka kwake. Kanuni ya mikataba tuliyoirithi ni kwamba makubaliano ya mtu asiyefahamu anachofanya yanaweza kubatilishwa ikiwa wa upande wa pili alilijua hilo. Na kampuni yenu sasa inajua, au angalau imeshaona ya kutosha kuuliza. Ukimwandikia bosi barua fupi leo, bila lawama, ukataja ulichokiona na ulichoomba kifanyike, umemlinda mzee, umejilinda, na umemlinda na yeye. Mwombe mambo mawili mahususi. La kwanza, malipo yoyote yapite tu kwenye akaunti ya benki iliyo kwa jina la mzee mwenyewe, yasiende kwa mtu wa tatu wala kwa "wakala wa ardhi". La pili, mtu wa pili mwenye cheo akae nawe siku ya mazungumzo.

Mwanawe wa Bamburi naye amechanganya mambo matatu, na si yeye peke yake. Jina lililo kwenye fomu kama mrithi halimpi mamlaka yoyote maadamu mzee yu hai. Halimpi haki ya kuona salio, halimpi haki ya kuzuia, halimpi haki ya kutoa. Linaanza kuwa na maana siku ya mauti, na hata siku hiyo si lazima pesa ziwe zake peke yake.

Hati ya uwakili nayo, ile karatasi mtu anayotia saini kumpa mwengine ruhusa ya kutenda kwa niaba yake, ina siri ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Kwetu hati hiyo ina nguvu maadamu aliyeitoa anao uwezo wa kiakili wa kutenda mwenyewe. Akili yake ikiondoka, nayo inakufa. Yaani inazimika saa ile ile familia inapoihitaji zaidi. Uingereza wana hati ya aina nyengine, inayodumu hata baada ya akili kupotea, na ndiyo inayoonekana sana intanetini. Mtu akipakua mfano ule na kuutia saini hapa Mombasa atakuwa ameshika karatasi isiyomfaa. Muulize mwana lini babake aliitia saini, mbele ya wakili gani, na inasema nini hasa, maana nyingi zinahusu nyumba tu au kesi moja tu. Kama ilitiwa saini mwezi jana, wakati mzee tayari anapiga simu tatu kwa siku, usiitegemee kabla wakili wa kampuni hajaiona.

Tena kumpa taarifa za akaunti bila idhini ya mzee kutakuingiza matatani chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo huzihesabu habari za afya kuwa nyeti. Ila kumbuka, kusikiliza si kutoa siri. Mwana anaweza kukwambia babake amepotea njia mara mbili akitoka Marikiti, kwamba kijana yule ameonekana mtaani tangu mwezi uliopita, na wewe ukasikiliza, ukashukuru, ukaandika, bila kusema hata kama mzee ni mteja wako. Wengi wa wenzetu hufunga simu kwa kuogopa sheria, na kwa hivyo hupoteza habari ambayo ingewasaidia.

Utasikia pia mtu akisema jambo lipelekwe kwa Kadhi. Namheshimu mwenye wazo hilo, kwani fikihi inatambua kwamba mtu aliyedhoofika akili husimamiwa na walii wake, yaani msimamizi wake, kwa uadilifu. Lakini mahakama za Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, zina mamlaka juu ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa huko. Kusimamia mali ya mtu aliye hai ambaye akili yake imepungua ni jambo la Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa 2022, na maombi yake kwa kawaida huenda Mahakama Kuu. Ushauri wa Kadhi au wa imamu unaweza kuituliza familia, na huo usiudharau. Amri ya kukuruhusu wewe utoe pesa, hapana.

Hiyo njia ya mahakama nikueleze bila kuipamba. Jamaa huomba ateuliwe msimamizi wa mali. Huambatanisha ripoti za madaktari, na mahakama hutaka kujua ndugu wengine wanasemaje. Anayeteuliwa huwajibika kutoa orodha ya mali na hesabu zake, na hawezi kuuza nyumba wala ardhi ya mgonjwa bila idhini ya mahakama. Uzuri wake ni kwamba kuna jicho juu yake. Ubaya wake ni gharama, miezi ya kusubiri, na aibu ambayo familia nyingi za kwetu huihisi mambo ya baba yanaposomwa kortini. Na pale ndugu hawaelewani, kama hawa, huenda ikawa ndipo wanapokosana kabisa. Kwa mzee ambaye bado anajaa asubuhi, naona ni mapema mno. Ije kama akili imepwa bila kurudi na mali inavuja.

Kabla ya hapo kuna mengi ya kufanya naye mwenyewe. La maana kuliko yote ni mtu wa kuaminika. Marekani, tangu Februari 2018, kanuni za FINRA, shirika linalowasimamia mawakala wa hisa huko, zinawataka mawakala hao wafanye juhudi ya kumwomba mteja jina la mtu wanayeweza kumpigia wakiwa na wasiwasi juu yake, na kanuni nyengine inawaruhusu kusimamisha kwa muda malipo ya mteja wa miaka 65 na zaidi wakishuku anadhulumiwa. Usiige yale ya kusimamisha kana kwamba ni sheria yako. Wewe unafungwa na mkataba wa mfuko na siku za malipo zilizotajwa humo. Lakini la mtu wa kuaminika hakuna linalokuzuia. Andika fomu fupi kwa Kiswahili, mzee achague mwenyewe, atie saini siku ambayo akili imejaa. Iseme wazi kwamba mtu huyu anaweza kuambiwa "tuna wasiwasi na baba", wala si salio, wala hana ruhusa ya kutoa. Umshauri mzee achague wawili, na wasiwe wa upande mmoja. Kama atamtaja binti wa Jeddah pamoja na mwana wa Bamburi, hata ugomvi wao utakuwa na faida, kwa sababu mmoja hatatenda jambo bila mwenzake kujua.

La pili, mgeuzie akaunti iwe ya kumlipa kila mwezi kiasi cha matumizi, na kila kutoa kunakozidi kiwango fulani kusubiri simu yako ya kumuuliza tena baada ya siku mbili tatu. Akikubali na kutia saini, hujamzuia. Umetekeleza agizo alilotoa mwenyewe akiwa mzima, la kujikinga na siku ambayo hatakuwa mzima. Wanawe wakikuletea habari ya amana ya familia, yaani mali kuwekwa chini ya wasimamizi kwa faida ya jamaa, ambayo sheria yetu iliitambua kwa marekebisho ya 2021, waambie ni njia nzuri kwa wenye majumba na biashara, ila kwa chini ya milioni nne naona gharama ya wakili na wasimamizi itakula kitu bila sababu.

Shamba lenyewe litakusaidia kupunguza kasi bila ugomvi. Hakuna ardhi inayonunuliwa kihalali kwa siku moja. Mkataba sharti uwe wa maandishi, utiwe saini na ushuhudiwe. Sharti utafutaji rasmi ufanyike kwenye ofisi ya ardhi kujua hati ni ya nani na ina deni gani. Na ikiwa ni ardhi ya kilimo, inatakiwa idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Mwambie mzee na kijana, wote wawili, "Niletee nakala ya hati, matokeo ya utafutaji na rasimu ya mkataba kutoka kwa wakili, tutatoa pesa kwa hatua kulingana na mkataba." Muuzaji wa kweli analeta. Tapeli hukasirika, au huja na habari kwamba kuna mnunuzi mwengine anayelipa kesho.

Yote haya yaandike siku hiyo hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu ya mteja ikipotea, daftari lako ndilo linalobaki. Andika tarehe, saa, aliyekuwepo, na maneno ya mzee kama alivyoyasema. Usiandike "amechanganyikiwa", hilo ni neno la daktari. Andika "aliuliza salio mara tatu ndani ya dakika ishirini" au "alipoulizwa shamba liko wapi, alimtazama kijana, kijana akajibu".

Kwa familia utakutana na sitara. Watakwambia baba ni uzee tu, au amechezewa, na anasomewa. Usibishane nao. Kusomewa dua hakumzuii mtu kupimwa damu, na nimeona familia zikikubali daktari haraka zaidi zinapoambiwa "tumpime sukari na B12" kuliko zinapoambiwa "baba ana ugonjwa wa akili". Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, pale Makadara, inaweza kuwa mahali pa kuanzia.

Kuna nyakati ambazo haya ya polepole uyaache. Mzee akibadilika ndani ya saa au siku chache, akaanza kuweweseka, akaanguka, mdomo ukapinda au mkono ukalegea upande mmoja, hiyo ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo, umpigie jamaa yeyote unayemjua na usihofu kuwa unatoa siri. Akionekana kuogopa, ana michubuko, simu yake na nambari ya siri ya M-Pesa zimeshikwa na mwengine, au akikwambia kwa sauti ya chini kwamba hataki, zungumza na bosi wako na wakili wa kampuni, kisha polisi. Na familia isiyo na uwezo wa kumlipa wakili, waelekeze Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, ambacho kina ofisi hapa Mombasa, wakaulize kabla ya kutia saini chochote.

Imebaki ile habari ya mtandao kukwama. Naelewa ulivyobanwa, lakini isahihishe, kwa sababu siku mzee atakapohitaji kukuamini zaidi ya anavyomwamini kijana, uongo ule utakuwa umekaa kati yenu. Usingoje warudi. Mpigie kesho asubuhi, nambari yake mwenyewe, umwambie, "Baba, wiki jana nilikwambia mtandao umekwama. Haikuwa hivyo. Niliingiwa na wasiwasi kwa sababu ni pesa nyingi na sikupata kukusikia wewe mwenyewe. Nisamehe. Naomba uje Jumatatu saa nne, tukae mimi nawe, unieleze shamba." Kisha nyamaza, umsikilize atakavyojibu, na ukimaliza simu ufungue daftari uandike.